Salamu Zangu kwa Daktari wa Nusu Kaputi

Huku kwetu milimani mtu akisema alikwenda kwa daktari, tunamuuliza mambo mawili tu: alikuchoma sindano, au alikupasua? Madaktari tuliowajua walikuwa hao. Halafu alikuwepo wa meno, ambaye tulimwogopa kuliko chui, na wa macho, ambaye alikuja na gari mara mojamoja, akapanga watu mstari kwenye uwanja wa shule, akawamulika mmoja mmoja, akaondoka na vumbi lake. Basi. Kwamba yuko daktari ambaye kazi yake yote ni pumzi ya mtu, hakati, hashoni, hakupi dawa ya kwenda nayo nyumbani, yeye anakaa kichwani pa mgonjwa analinda pumzi yake mpaka wenzake wamalize, hilo nimelijua uzeeni. Na nimelijua kwa njia ya kompyuta, mimi niliyeishia darasa la pili. Na nusura nilivuruge.

Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguliwa. Sisi tuliokula foleni za sabuni na sukari tulikuwa bado hatujazoea kuona duka limejaa halafu muuzaji ndiye anayekuita wewe. Lushoto mjini kila mwezi kulikuwa na kitu kipya. Leo mtu anauza mitumba ya Ulaya, kesho mwingine ana jokofu la soda barazani, keshokutwa vijana wa kutembeza wazungu wameandika vibao vyao. Ndani ya jengo lililokuwa duka la ushirika, mama mmoja aliyewahi kuwa mpiga chapa wa ofisi za serikali alipanga kompyuta nne, akaweka pazia la maua mlangoni. Watu wakasema ukiingia mle unaongea na dunia. Mimi nilisema dunia nimeongea nayo miaka sitini haijanijibu.

Nilikuwa nakaa na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Mama yake alikuwa mbali, anafanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Bulwa, kulekule nilikozaliwa mimi baada ya wazazi wangu kutoka kusini kutafuta kibarua. Maana mimi si Msambaa wa kuzaliwa, niseme ukweli. Niliolewa huku juu, nikajifunza kusalimia onga mshi na kuitikia niwedi, nikajifunza kulima kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anafikiri kwanza. Kishambaa changu mpaka leo wanakicheka. Lakini adabu ya salamu sikuhitaji kufundishwa. Kambi yetu ya chai ilikuwa na watu wa makabila na dini zote, kila mtu na lugha yake, na kilichotuweka pamoja ni kwamba asubuhi hupiti mlango wa mtu bila kumwamkia. Ukipita kimya, mchana wakikosa jembe ni wewe umeliiba.

Mjukuu huyo alikuwa kidato cha tatu. Mwembamba, mkimya kwa watu, lakini kwangu mimi ana mdomo. Nilimwita mke mwenzangu, kama ilivyo kati ya bibi na mjukuu, naye akiniona nimejifunga kanga mpya ananiuliza, "Bibi, unamwendea nani, au babu amefufuka?"

Siku moja alikuja naye mwalimu wake wa biolojia, mwanamke bado kijana, viatu mkononi kwa sababu ya tope la njia yetu. Akaniamkia vizuri, akaketi, akanywa uji, ndipo akasema lililomleta. Alisema alisoma zamani na daktari mmoja ambaye sasa yuko hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari huyo ana uchungu wa jambo moja: watoto wote wanaosema wanataka udaktari wanataka kupasua. Wengine hawajui kama kuna kazi nyingine. Kwa hiyo amejitolea kuwalea wanafunzi watatu wa shule yetu kwa barua za kwenye kompyuta. Kila wiki atawapa jambo la kutazama, nao Jumamosi wamwandikie walichokiona.

"Mjukuu wako nimemchagua wa kwanza," mwalimu akasema. "Lakini bibi, daktari ana sharti. Muda wake ni mdogo. Mwanafunzi akipitisha wiki tatu bila kuleta kazi, nafasi anapewa mwingine. Na wengine wapo, wananisumbua kila siku."

Nikamuuliza, "Yeye mwenyewe ni daktari wa nini?"

"Wa usingizi, bibi. Wa nusu kaputi."

Wifi yangu alikuwa pale, dada wa marehemu mume wangu, anachambua maharage yake kwenye ungo wangu kama kawaida yake. Akainua kichwa. "Nusu kaputi? Yaani mtoto anakwenda kusomea kuua watu nusu?"

"Shangazi, si kuua, ni kulaza," mwalimu akasema.

"Kulaza mbona hata pombe inalaza! Kaka yangu alilala miaka thelathini bila daktari."

Tukacheka wote, hata mimi, ingawa maneno yale yalimhusu mume wangu. Lakini nilimtazama mjukuu, nikaona hacheki. Alikuwa ameshika karatasi aliyopewa na mwalimu, barua ya daktari iliyochapwa, anaisoma kwa mara sijui ya ngapi. Nikajua jambo hili limeshamwingia. Kuna mtoto akitaka kitu analia. Huyu akitaka kitu anakaa kimya mpaka unaogopa.

Nilikubali, ila na mimi nikaweka sharti langu. Daktari ni mwanamume, yuko mbali, hatumjui nyumba wala ukoo, anaandikiana na binti. Nikasema, nitakwenda naye kila Jumamosi, nitakaa kando yake, na barua itaanza kwa salamu kamili, ili mtu yule ajue binti huyu ana watu nyuma yake. Mtoto asiye na salamu ni mtoto asiye na wakubwa. Mwalimu alitaka kusema neno, akanywa uji.

Kazi ya kwanza ilikuwa hii: kaa kando ya mtu aliyelala, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, tazama kifua na tumbo, usimwamshe, andika. Sasa nyumbani kwetu aliyelala mchana ni nani? Ni mimi. Nikishatoka shambani, nikala, najinyoosha kwenye mkeka pale barazani. Siku ya kwanza nilifumbua jicho nikamwona mtoto amechuchumaa karibu yangu na saa ya mkononi ya kuazima, ananikodolea macho kama paka anayengoja panya.

"Unanipima sanda?" nikamwambia.

"Lala, bibi. Umeniharibia. Nilikuwa nimefika kumi na moja."

Wiki nzima nililazwa. Nikikaa kidogo tu, "Bibi, hujachoka?" Sijawahi kupendwa hivyo. Siku ya nne akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikilala chali, kuna mahali pumzi inasimama. Inasimama kabisa, yeye anahesabu mpaka nane, tisa, halafu nakoroma kama gari linalopandisha mlima, inaanza tena. Alisema mara ya kwanza alitaka kunitikisa, lakini akakumbuka ameambiwa asiamshe, akaendelea kuhesabu. Nilimtukana kidogo, kwamba anawezaje kuniacha nife kwa ajili ya shule. Lakini moyoni nilistaajabu. Mimi miaka yote najilaza hapa, nimelala na mume, nimelala na watoto, hakuna mtu aliyewahi kujua ninavyopumua.

Jumamosi tulishuka mjini. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa njia ya mkato, mimi na kapu la plamu kichwani la kuuza sokoni, yeye na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye chumba cha kompyuta kulikuwa na orodha ukutani, kila mtu nusu saa, na benchi limejaa. Nilifurahi kidogo kukuta foleni, niliikumbuka. Zamu yetu ilipofika, yule mama alimfungulia mjukuu anwani yake, akamwonyesha pa kubonyeza, akaniletea mimi kigoda.

"Haya," nikasema, "andika. Shikamoo daktari."

Akaandika kwa kidole kimoja. Herufi zilikuwa zimejificha. Alitafuta K mpaka yule mama akaja kumwonyesha.

"Natumaini u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nasi. Bibi yangu anakusalimu sana. Anauliza hali ya nyumbani kwako, mama watoto hajambo, na watoto wanaendeleaje na masomo? Huku mvua zimeanza vizuri, mahindi yametoka, ila viazi vina ugonjwa."

"Bibi, viazi pia?"

"Atajuaje kama tunalima? Andika viazi."

Akaandika viazi. Akaandika na salamu za wifi yangu, maana tungeziacha nani angevumilia kelele zake. Nilikuwa namsikiliza akigonga, tip, tip, kama kuku anayedonoa bati, na mimi nimejaa fahari. Nikasema, "Sasa ndiyo uanze: dhumuni la barua hii ni kukuarifu kwamba." Yule mama akaja akasema muda umeisha. Nyuma yetu amesimama kijana wa kutembeza wazungu, miguu haitulii. Mjukuu akasema, "Dada, bado mstari mmoja." Mama yule akasema orodha ni orodha, akamwonyesha pa kubonyeza ili barua iende, ikaenda.

Nilimwambia mjukuu asijali, dhumuni litafuata na barua ijayo. Barua nzuri ya kwanza ni salamu. Hata posa haisemwi siku ya kwanza. Alibeba kapu langu tupu njia nzima.

Jumamosi ya pili tulikuta jibu. Mjukuu akanisomea. Daktari alianza: "Shikamoo bibi." Kwangu mimi! Mtu ambaye mikononi mwake watu wanalala na kuamka, ameniamkia mimi, ndani ya kioo, mbele ya watu wa foleni. Nikaitikia marahaba kwa sauti, benchi zima likageuka. Akasema mama watoto hajambo, watoto ni wawili, mdogo ameota meno, na pole ya viazi. Mwishoni kulikuwa na maneno mawili, nasubiri kazi, lakini mimi hayo sikuyasikia. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu.

Na safari hii salamu zilikuwa nyingi zaidi, kwa kuwa Jumapili iliyopita baada ya ibada nilisema kidogo pale nje ya kanisa kwamba nawasiliana na daktari wa Dar es Salaam. Watu wakanipa salamu zao. Mzee wa kanisa alitoa, mama wa kwaya alitoa, mtu mmoja mwenye mguu wa kuvimba alitoa salamu na maelezo ya mguu. Ningezitupa wapi? Salamu ya mtu ni amana. Mjukuu aliandika zote. Kufika kwenye meno ya mtoto na dawa ya kienyeji ya meno, pazia likafunguliwa. Muda umeisha.

Njiani nilimchokoza, "Mke mwenzangu, leo umenuna, mume ni wetu sote." Hakucheka. Nilifikiri ni njaa.

Katikati ya wiki mwalimu alipanda tena kwetu. Safari hii uji hakuutaka. Aliniamkia, halafu akamgeukia mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Daktari ameniandikia. Anasema amepata barua mbili nzuri, zimemfurahisha, na kazi hajaiona hata moja. Wenzako wawili wameshatuma mara mbili. Jumamosi hii ikipita ni ya tatu. Una nini wewe? Nilikusema kwa watu kuwa wewe ndiye hodari."

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno mtoto akasema, "Nisamehe, mwalimu. Mimi sijui kuchapa. Ni mzito wa vidole, muda ukaisha."

"Muda wa nusu saa, mstari mmoja?"

"Ni kosa langu."

Mwalimu akamtazama, akanitazama na mimi. Nadhani alijua. Lakini mdogo hawezi kumwambia mkubwa nyumbani kwake kwamba salamu zake zimezidi. Na mtoto ndiyo kabisa. Walikuwa wamefungwa wote wawili, na kamba nilikuwa nimeishika mimi. Mwalimu akaondoka, viatu mkononi. Wifi yangu, ambaye hakuna siku asiyokuwepo, akasema kwa kuimba, "Salamu, salamu, na mtoto atabaki na salamu zake." Nilimwambia achukue maharage yake aende. Alikwenda, lakini alikuwa amesema.

Niseme nilivyojisikia. Nilikasirika kwanza na daktari. Mtu gani anapima adabu kwa saa? Halafu nikakasirika na kompyuta. Halafu nikamwona mtoto amekaa jikoni anapuliza moto, machozi yanamtoka, moshi nao ulikuwepo, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Hasira ikakosa pa kwenda.

Nikamuuliza kazi ya wiki hii ni ipi. Akasema, kumtafuta mtu aliyewahi kupasuliwa, amuulize anakumbuka nini kabla ya kulala, na nani alimlaza.

"Sasa si unaye hapa?" nikamwambia. Maana mimi nilipasuliwa, mtoto wangu wa tatu alilala vibaya tumboni. Akaacha moto, akaleta daftari.

Nilimwambia aliyenipasua namkumbuka, alikuwa mrefu, ana kovu kidevuni, na mume wangu alimpelekea jogoo. Aliyenilaza je? Nikafikiri. Nilikuta sina kitu. Ni sauti tu. Mtu mwenye kofia ya kijani, alinijia kichwani kabla hawajaanza, akaniuliza kama nimekula.

"Ukamwambiaje?"

Jambo lile sijawahi kumwambia mtu. "Nikamwambia sijala."

"Na ulikuwa umekula?"

"Ndizi mbili za kuchoma. Mama mkwe alinifichia ndani ya kanga. Alisema mtu haendi kwenye kisu na njaa, damu itakosa nguvu."

Mjukuu akaweka kalamu chini. "Bibi! Ulimdanganya daktari wa usingizi?"

"Nilijua basi kwamba ni daktari? Nilidhani ni mtu wa jikoni."

Hapo ndipo aliponieleza, maana daktari alikuwa amewaandikia wote watatu kwenye ile karatasi ya kwanza. Mtu akilazwa kwa dawa, koo nalo linalala. Chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda, kikaingia kwenye mapafu, na mtu akafa hapohapo na kidonda chake hakijashonwa. Ndiyo maana anauliza. Anauliza kila mtu, kila siku, na anajua wengine watamdanganya, kwa hiyo anakaa tayari hata kwa waongo.

Nilikaa na maneno hayo. Kumbe siku ile kulikuwa na mtu ameketi kichwani pangu, analinda koo langu na uongo wangu ndani yake, saa nzima, mimi sina habari. Jogoo akapewa mwingine. Mwanangu wa tatu yuko hai, ana watoto wanne. Mtu wa kofia ya kijani sijui hata jina la baba yake.

"Niandike?" mjukuu akauliza. "Na ndizi?"

"Andika," nikasema. "Na mama mkwe andika."

Jumamosi ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Njia ya mkato ikawa sabuni tupu. Plamu niliziacha. Mjukuu alifunga daftari kwa mifuko miwili akaliweka kifuani chini ya sweta, tukashuka tukishikana. Mimi nilianguka mara mbili, yeye mara moja, na alipoanguka alianguka kwa mgongo ili asilalie daftari. Tulifika tumelowa kama mbwa wa mtoni. Orodha ilikuwa imejaa. Yule mama akatutazama, akaitazama orodha, akasema yuko mtu mmoja hajafika kwa sababu ya mvua, tukae, akija tunaondoka.

Mjukuu akaketi. Kioo kikawaka. Akaweka kidole juu ya herufi, halafu akageuka akanitazama. Akangoja. Mpaka saa ile, na nafasi yake inaning'inia kwa uzi, alikuwa anangoja nimpe salamu.

Nilikuwa nazo. Nilikuwa na za mzee wa kanisa, na mguu ulikuwa umepungua uvimbe, habari ambayo daktari angefurahi kuisikia. Nilizimeza zote. Nikamwambia, "Mimi nakwenda nje kukamua kanga yangu."

"Bibi, na sharti lako?"

"Andika."

Nikatoka. Nilisimama barazani chini ya bati, maji yanamwagika kama pazia la pili, nimewapa mgongo. Sijawahi kumwacha binti wa nyumbani kwangu peke yake mbele ya mwanamume nisiyemjua, hata awe ndani ya kioo. Muuza karanga aliyejibanza pale akaniuliza nangoja nani. Nikamwambia namngoja daktari. Akasema hospitali iko kule juu, bibi, umepotea.

Yule mtu wa orodha alikuja. Nilimwona anavuka barabara ameshika mwavuli, nikamzuia mlangoni. Nikamwamkia mimi, mkubwa, nikamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za wazazi kama wapo hai. Kijana wa watu alikuwa na adabu, hakuweza kunipita. Alijibu yote, mpaka ya ng'ombe. Nilikuwa naendelea na majirani zake pazia lilipofunguliwa, mjukuu akatoka.

"Imekwenda," akasema.

"Yote?"

"Pumzi zote, na ndizi."

Wiki iliyofuata tulikuta barua ndefu, mjukuu hakuweza kuimaliza kwa mara moja. Daktari alisema nafasi yake haiguswi. Alisema mtoto aliyeweza kukaa kimya akahesabu mpaka tisa kando ya bibi yake mwenyewe, bila kukimbia na bila kuacha kutazama, ana kitu ambacho yeye hajui kumfundisha mtu. Akamweleza pumzi ile inasimama kwa nini, akaagiza nilale kwa ubavu, na nikapimwe. Kuhusu ndizi alisema ameisoma kwa wenzake kazini wakati wa chai, wakacheka, kisha kila mmoja akawakumbuka waongo wake. Alimwandikia mtoto wa shule ya milimani, ambaye hajawahi kumwona, kama anavyomwandikia mwenzake wa kazi. Hilo ndilo lililonikaa. Nimefanya kazi chini ya manyapara, nimesikiliza wakubwa wengi. Wakubwa wanaojua kumwambia mdogo "na wewe umeona nini?" nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kinabaki.

Wale watatu waliandikiana naye mwaka ule na mwaka uliofuata. Kila akimaliza jambo lake aliwatafutia mwenzake mwingine wa kazi isiyojulikana, akawakabidhi kwake kwa mwezi, halafu wakarudi. Mtaniuliza mjukuu alifika wapi. Alifika alikotaka, baada ya kuzunguka sana, kufeli mtihani mmoja, kurudia, na miaka ya kukopa vitabu. Analaza watu sasa, na anawaamsha. Lakini siku ninayoikumbuka mimi si hiyo ya koti jeupe. Ni siku moja akiwa kidato cha nne.

Nilikuwa napita nyuma ya shule, nimebeba kabichi nazipeleka barabarani kungoja gari la wachuuzi. Nikasikia sauti yake dirishani. Ilikuwa baada ya masomo, mwalimu wake alikuwa amemwambia awakusanye watoto wa kidato cha kwanza na cha pili awasimulie. Nikasogea. Yule mtoto asiyesema mbele za watu alikuwa amesimama ubaoni, mikono nyuma, anaongea.

Alisema yuko daktari anayekaa na kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa chini ya hadubini, na neno lake moja ndilo linaloamua kama wakate mguu au wauache. Yuko anayesoma picha za ndani ya mwili, kwenye chumba chenye giza. Yuko wa kumfundisha mtu aliyepooza kushika kijiko upya, na yuko wa wagonjwa ambao hawatapona, kazi yake ni kuhakikisha hawaumwi.

Mtoto mmoja akauliza, "Dada, huyo wa wasiopona anapata faida gani?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka wala hakumkemea. Alifikiri, nikamwona anafikiri, halafu akasema, "Sijui. Mwandikie umuulize. Jumamosi ukija na swali lako limeandikwa, nitakupeleka."

"Mimi?"

"Wewe. Nani mwingine ana swali?"

Mikono ikainuka, mmoja, halafu mitatu, halafu sikuweza tena kuhesabu kwa sababu ya nondo za dirisha. Kabichi zilikuwa zinanikata shingo, na gari la wachuuzi lilishapiga honi mara mbili kule barabarani. Nilitua mzigo kwenye nyasi, nikaukalia, nikasikiliza.